Soya Urambo: hesabu wadudu kwanza, bomba baadaye

Msimu wangu wa kwanza wa soya nilipuliza dawa mara tatu kabla maua hayajamaliza kufunguka. Niliona majani yametobolewa, nikaogopa. Nilikuwa mtu wa tumbaku, na kwenye tumbaku jani ndilo mali yenyewe. Tundu moja linakushusha daraja siku ya soko. Kwa hiyo kila nilipomwona kiwavi nilikwenda kuchukua bomba. Dawa ilikuwapo stoo, imebaki ya tumbaku.

Mwezi wa nne soya ya majirani ilikuwa imeanza kupukutisha majani. Yangu ilisimama kijani. Mama Kulwa, ambaye mashamba yetu yanapakana, alipita njiani akaniambia, "Baba Doto, ya kwako mwaka huu imekubali kweli." Nami niliamini hivyo hivyo, mpaka siku nilipopasua ganda. Ndani punje moja imesinyaa kama ukucha wa mtoto, ya pili ina doa jeusi, mahali pa tatu hapana kitu. Nikapasua lingine, na lingine. Shamba zima lilikuwa hivyo.

Viwavi niliowapiga vita hawakuniibia hata debe. Walionimaliza ni kunguni wa kijani, wadudu wa shambani wanaonyonya punje, ambao sikuwahi hata kuwatafuta, na wadudu waliokuwa wakiwazuia niliwaua mwenyewe kwa dawa zile tatu. Na ule ukijani haukuwa afya. Soya ikinyonywa punje zikiwa changa, mmea hauna tena pa kupeleka chakula chake, basi unabaki na majani mabichi wakati wenzake wanakauka.

Nawaandikia wakulima wa Urambo, Kaliua, Uyui na Sikonge wanaoingia kwenye soya wakitoka kwenye tumbaku, karanga au mahindi. Kabla hatujaanza, shika jambo hili: tumbaku tunauza jani, soya tunauza punje. Jani la soya likiliwa kidogo, mmea hujaza pengo. Punje ikinyonywa imekwenda.

Hatua ya 1: Tengeneza shamba kabla mvua hazijakolea

Mvua zetu za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Lima wiki mbili tatu kabla ya kupanda ili magugu yakauke kabisa. Sota, wale viwavi wa udongoni wanaokata miche usiku, huishi kwenye magugu mabichi. Wakikosa chakula wengi hufa, na waliofukuliwa na jembe huliwa na ndege.

Ng'oa maotea yote ya soya, kunde, choroko na maharage, hata yale yaliyoota nyuma ya nyumba au kando ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Mmea mmoja wa kunde uliobaki na maganda unatosha kuwatunza kunguni mpaka soya yako ifike umri wanaoutaka.

Usirudishe soya mahali ilipokuwa mwaka jana, wala usiifuatishe maharage. Yupo mbawakawa mdogo anayetoboa majani, lakini ubaya mkubwa uko kwa watoto wake: wanakaa ardhini wakila mizizi na vile vinundu vinavyotengeneza naitrojeni. Ukizungusha na mahindi, mtama au muhogo, watoto hao wanakosa chakula.

Halafu zungumza na majirani mpande ndani ya wiki mbili zile zile. Hili watu hulipuuza. Shamba lililochelewa linakuwa peke yake lenye maganda mabichi wakati mengine yamekauka, na kunguni wa kitongoji kizima wanahamia hapo.

Hatua ya 2: Panda, na uweke ukingo wa mtego

Tumia mbegu iliyothibitishwa, na ijaribu uotaji kabla, kwa sababu mbegu ya soya huchoka haraka ghalani kuliko ya mahindi. Mimi hupanda sentimita 45 hadi 50 kati ya mstari na mstari, na sentimita 5 hadi 10 kati ya mche na mche. Mstari ulionyooka utakusaidia sana huko mbele kwenye kuhesabu wadudu. Kuhusu aina inayofaa udongo wako wa kichanga, waulize TARI Tumbi, kituo cha utafiti kilicho nje kidogo ya mji wa Tabora, au bwana shamba wa kata yako.

Ukipaka mbegu bakteria wa kutengeneza vinundu, paka kivulini na upande siku hiyo hiyo. Kama mbegu imeshawekwa dawa ya wadudu, soma lebo zote mbili kwanza, maana dawa nyingine huwaua bakteria hao.

Sasa mtego. Wiki mbili kabla ya kupanda soya, panda mistari miwili mitatu ya kunde au marejea (mmea wa jamii ya mikunde) kuzunguka shamba, hasa upande unaopakana na pori. Kunguni wa kijani anapenda marejea kupita kiasi. Mtego ukitangulia kutoa maganda, kunguni wanajikusanya huko kwanza, nawe unapambana nao kwenye mistari michache badala ya ekari nzima. Lakini mtego usiohudumiwa ni kitalu cha kunguni. Kama hutakuwa na nafasi ya kwenda kuwaua pale kila baada ya siku chache, ni bora usiupande kabisa.

Hatua ya 3: Wiki nne za mwanzo, tazama shina

Katika umri huu adui wa kuangalia ni wawili.

Wa kwanza ni inzi wa maharage. Ni mdogo, mweusi wa kung'aa, urefu wake kama milimita mbili. Anataga kwenye majani ya mche mchanga, funza wake anachimba kushuka ndani ya shina mpaka karibu na udongo. Ukiona mche umegeuka manjano na wenzake wamesimama vizuri, ung'oe na ulipasue shina kwa ukucha pale linapokutana na ardhi. Utaona limevimba na kupasuka, na ndani vijidude vya kahawia umbo la pipa, vidogo kama punje ya ulezi iliyorefuka. Hao ndio funza waliokwisha kujifungia wapate kuwa inzi.

Mche uliokufa uondoe shambani ukauchome au kuufukia kwa kina. Kwa iliyobaki, siku ya palizi ya kwanza inulia udongo kwenye shina, ufunike pale palipojeruhiwa. Mche utatoa mizizi mipya juu ya jeraha na mingi hupona. Wanaochelewa kupanda ndio wanaoumizwa zaidi na inzi huyu, kwa hiyo mvua zikishika vizuri usingoje.

Wa pili ni sota. Asubuhi unakuta mche umelala, umekatwa kama kwa kisu. Fukua udongo kuuzunguka kwa kidole, kina cha sentimita tatu hadi tano, utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja. Muue. Mara nyingi sota hushambulia kwa viraka, na kazi ya siku mbili tatu za asubuhi huwamaliza bila dawa yoyote.

Hatua ya 4: Tengeneza kitambaa cha kukung'utia

Hapa ndipo penye kazi yenyewe ya mwongozo huu, nami naomba usiruke.

Chukua kitambaa cheupe, shuka kuukuu au kiroba cheupe kilichopasuliwa kinafaa. Kikate urefu wa mita moja, upana utoshee kati ya mistari yako miwili na kuzidi kidogo. Funga fimbo kila upande wa urefu, ili ukikifungua kinyooke na ukimaliza ukizungushe kama mkeka. Basi. Hakina gharama.

Nenda shambani asubuhi, umande ukianza kukauka lakini jua halijachoma. Saa moja hadi saa tatu ni wakati mzuri. Kunguni bado wazito na wamepanda juu ya mimea kuota jua. Likishakuwa kali wanajificha chini ya majani, nawe utahesabu nusu tu ya waliopo.

Ingia taratibu, kivuli chako kisikutangulie. Tandika kitambaa kati ya mistari, chini kabisa, bila kuigusa mimea. Kisha mimea ya mstari mmoja, urefu ule wa mita moja, ilaze juu ya kitambaa kwa mikono miwili na uikung'ute kwa nguvu. Iachie, tazama haraka. Kunguni wakubwa huruka, wahesabu kwanza. Halafu viwavi, halafu watoto wa kunguni, halafu rafiki zako: buibui, vunjajungu, mbawakawa wekundu wa mviringo wenye madoa meusi.

Fanya hivyo sehemu kumi kwa ekari, ukipita kwa kukata kona na si kufuata njia moja. Sehemu tatu nyingine zichukue pembezoni, uziandike peke yake, kwa sababu kunguni huingilia ukingoni. Kabla ya maua, mara moja kwa wiki inatosha. Maganda yakianza kutoka, mara mbili kwa wiki.

Andika kwenye daftari la shule: tarehe, umri wa soya, sehemu ya 1 hadi 10. Mfano wa kunguni kwa asubuhi moja: 1, 0, 3, 2, 0, 1, 4, 2, 1, 2. Jumla 16, gawanya kwa 10, unapata 1.6 kwa kila mita. Pembezoni umepata 5, 4 na 6, wastani 5. Daftari limeshakuambia la kufanya: ndani bado, ukingoni fanya kazi leo.

Mwaka wa kwanza nilipoanza kukung'uta, wengine walidhani natafuta kitu kilichopotea. Sasa Mama Kulwa ana kitambaa chake, na tunalinganisha madaftari kisimani.

Hatua ya 5: Jua kiwango cha kushtuka

Kipimo ninachotumia kilitengenezwa Brazil, ambako taasisi yao ya utafiti wa kilimo, Embrapa, imekifundisha kwa wakulima wa soya kwa miongo mingi. Kinasema hivi:

Kabla ya maua, soya inavumilia kupoteza hadi asilimia 30 ya majani. Tangu maua hadi maganda yajae, asilimia 15. Viwavi wakubwa, wanaozidi sentimita moja na nusu, wakifika 20 kwa mita moja ya mstari, chukua hatua hata kama majani bado yapo. Kunguni wakifika wawili kwa mita katika soya ya kuuza, au mmoja kwa mita katika soya ya mbegu, chukua hatua. Kunguni wanaohesabiwa ni wakubwa pamoja na watoto waliofika nusu sentimita, karibu urefu wa punje ya mchele.

Kianzie hapo, kisha mavuno na daftari lako vikuonyeshe kama shamba lako linahitaji kushtuka mapema kidogo au kuchelewa kidogo.

Asilimia za majani zinawatisha watu, lakini soya yenyewe inakupa rula. Jani lake lina vipande vitatu juu ya kikonyo kimoja. Yakusanye matundu yote ya jani hilo kwa macho. Kama yanatosha kufuta kipande kimoja kizima, umepoteza theluthi, yaani kama asilimia 33. Kama yanatosha kufuta nusu ya kipande kimoja, hiyo ni kama asilimia 16. Chuma majani ya juu na ya katikati kwenye mimea kumi, yatandike juu ya kitambaa, ulinganishe. Usikadirie ukiwa umesimama barabarani. Jicho lenye hofu huongeza sana. Mimi niliyekuwa naona nusu ya shamba imeliwa, nilipotandika majani nikakuta hata robo haikufika.

Urambo imeshaona mambo makubwa yakifanywa bila kupima kwanza. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, hapa, Kongwa na Nachingwea, ulileta matrekta kabla ya kuielewa ardhi na mvua, na mwaka 1951 ukaachwa. Nami ekari yangu ya kwanza ya soya niliipulizia kabla sijaielewa.

Hatua ya 6: Mjue kunguni na mayai yake

Sizungumzii kunguni wa kitandani. Huyu ana umbo la ngao, kijani kitupu, urefu kama sentimita moja na nusu, na ukimshika anaacha harufu kali inayodumu mkononi. Watoto wake hawafanani naye: ni weusi wenye madoa meupe na mekundu, wengi huwadhania wadudu wengine. Yupo na mwenzake wa kahawia, mwembamba, mwenye miguu mirefu ya nyuma, anayeruka upesi kama nyigu; watoto wake wanafanana na sisimizi hasa. Ukiona "sisimizi" juu ya ganda la soya, mtazame mara mbili.

Wote hutoboa ganda kwa mdomo kama sindano na kunyonya punje. Kwa nje huoni kitu zaidi ya nukta. Hatari inaanza maganda yakitoka na inakuwa kubwa zaidi punje zinapojaa. Maganda yakishageuka manjano kuelekea kahawia, kunguni hana tena la kukufanyia, na dawa wakati huo ni hela iliyomwagwa.

Geuza majani, utafute mayai. Kunguni wa kijani huyabandika upande wa chini kwa mistari iliyopangika kama mahindi kwenye gunzi, kuanzia 30 hadi zaidi ya 100 mahali pamoja. Yakiwa mapya ni rangi ya maziwa, karibu na kuanguliwa yanakuwa ya rangi ya chungwa. Watoto wakitoka hawali. Hukaa juu ya maganda ya mayai siku chache wakiwa wamebanana. Hapo ukiliminya jani moja kwa vidole umeua ukoo mzima.

Lakini usiminye mayai meusi! Yupo nyigu mdogo sana, mweusi, urefu wake kama milimita moja, hamdhuru mtu wala ng'ombe. Kazi yake ni kutaga ndani ya mayai ya kunguni. Yai alilolitaga hugeuka kijivu na kisha jeusi, na badala ya kunguni hutoka nyigu mwingine. Ukitaka kumwona, kata jani lenye mayai, litie kwenye chupa nyeupe ya maji, funga mdomo kwa kitambaa, uiweke kivulini ndani. Wakitoka watoto wa kunguni, ua. Wakitoka vijinyigu, fungulia chupa katikati ya soya.

Nyigu huyu ndiye niliyemwua mwaka ule. Dawa niliyompigia kiwavi Februari ilimfuta yeye kwanza, kwa sababu ni mdogo na anatembea juu ya majani mchana kutwa. Kunguni walipoingia Machi kutoka porini hawakumkuta mtu mlangoni.

Wapo wasaidizi wengine utakaowakuta wakikufanyia kazi. Kiwavi aliyekauka juu ya jani, amefunikwa unga mweupe unaoelekea kijani, ameuawa na ukungu. Mvua zikifululiza, ukungu huo unaweza kuwamaliza viwavi wa shamba zima ndani ya wiki mbili. Dawa ya kuua ukungu ukiipiga ovyo unamuua na huyu msaidizi. Kiwavi aliyening'inia kichwa chini, amelainika na kuvuja, ameuawa na kirusi cha viwavi. Waache wote pale walipo, maambukizi yaendelee kwa wenzao. Vidukari nao, kama mbawakawa wenye madoa wapo, mara nyingi huisha bila wewe kunyanyua mkono.

Hatua ya 7: Anza na mikono na mwarobaini

Kunguni wakiwa wengi pembezoni au kwenye mtego, nenda asubuhi na beseni lenye maji ya sabuni. Inamisha tawi juu ya beseni na ulikung'ute. Kunguni wakishtuka hujiachia waanguke. Watoto wa nyumbani, nikiwalipa kwa muwa au miwa miwili, humaliza ukingo wa ekari kabla ya saa tatu. Wavae kitu mkononi kwa sababu ya ile harufu.

Kwa viwavi wachanga na vidukari, mwarobaini unafaa, na Tabora hatuna shida ya miti yake. Okota mbegu zilizodondoka, toa nyama, zikaushe kivulini, zisiote ukungu. Zimenye, twanga kokwa zipate unga. Gramu 500 za unga kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ya maji ili ishike kwenye majani. Pulizia jioni, kwa sababu jua huiharibu, na urudie baada ya wiki. Usitarajie viwavi waanguke papo hapo. Wanaacha kula na kushindwa kukua. Kwa kunguni wakubwa mwarobaini ni dhaifu, nisikudanganye.

Wengine hutumia utupa. Unaua wadudu kweli, lakini ndio ule ule wanaoulia samaki. Usiusafishie bomba karibu na kijito kinachoingia mto Ugalla wala karibu na bwawa lolote, na usiufikirie kuwa salama eti kwa sababu ni majani.

Hatua ya 8: Hesabu ikivuka kiwango, tumia dawa kwa akili

Chagua kwa kumtazama adui. Kwa viwavi, ulizia dukani dawa yenye bakteria wa Bt: humuua kiwavi anapoila, huwaacha nyigu na buibui. Hufanya kazi vizuri viwavi wakiwa bado wadogo. Kwa kunguni itakubidi dawa inayoua kwa kugusa, na hiyo haichagui, ndiyo maana tunaichelewesha mpaka maganda, na tunaipiga ukingoni peke yake kama hesabu ya ndani bado iko chini.

Dawa ya tumbaku iliyobaki, au ya pamba kwa wenzetu wa Igunga na Nzega, isiguse soya. Kiwango chake, siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna na masalia yake vimepimwa kwa zao jingine, nasi soya tunasaga unga wa uji wa watoto. Nunua chupa yenye lebo ya Kiswahili inayosomeka, inayotaja soya au jamii ya mikunde, yenye namba ya usajili ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Angalia utepe wa rangi chini ya lebo: mwekundu ni sumu kali mno, wa njano sumu ya wastani, wa bluu inayofuata, wa kijani sumu yake ndogo. Mwekundu muachie mwenye duka.

Pima bomba lako kabla ya kutia dawa. Pima eneo la mita 10 kwa 10 shambani, jaza maji matupu, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, uone yametumika kiasi gani. Ekari moja ina maeneo kama 40 ya aina hiyo. Ukitumia lita 2, ekari itataka lita 80, na kwa bomba la lita 16 hayo ni mabomba 5. Kama lebo inasema mililita 200 kwa ekari, kila bomba ni mililita 40. Usipimie kizibo, vizibo havilingani. Nunua bomba la sindano kwenye duka la dawa, liandike, likae na viuatilifu tu.

Vaa glovu, gambuti, shati la mikono mirefu na barakoa, upepo uwe mgongoni. Ukirudia wiki nyingine, badili kundi la dawa na si jina tu. Chupa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na kiambato kimoja ndani, kimeandikwa kwa herufi ndogo. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji ya suuza yaingie kwenye bomba, kisha itoboe. Isiende nyumbani kuwekewa mafuta ya taa wala maziwa.

Nyuki. Huu ni mkoa wa asali, na mizinga ya watu iko kwenye miombo hatua chache tu kutoka mashambani kwetu. Nyuki hufuata maua ya soya asubuhi. Soya ikiwa kwenye maua usipige dawa inayoua kwa kugusa. Kama kunguni wamevuka kiwango na bado kuna maua machache, ngoja jua lizame nyuki warudi, na mjulishe mwenye mizinga tangu jana yake ili aweze kuifunga au kuihamisha. Mzee mmoja jirani yetu alipoteza mizinga kadhaa kwa dawa iliyopigwa saa nne asubuhi. Alikaa kimya siku nzima, amekalia mzinga mtupu.

Siku tatu baada ya kupuliza, rudi na kitambaa. Hesabu tena sehemu zile zile. Kama kunguni bado wako pale pale, usikimbilie kuongeza dozi. Angalia kwanza kama ulipuliza upande wa chini wa majani, kama mvua haikunyesha usiku ule, na kama dawa haikuwa imepita tarehe.

Hatua ya 9: Baada ya mavuno

Vuna maganda yakiwa ya kahawia na yakitingishwa yanalia, usiyaache yalale chini. Kwenye udongo wetu wa kichanga mchwa hawachukui hata siku mbili kuyapanda. Panga mashina wima au juu ya turubai.

Kabla ya kupiga soya yote, pasua maganda 50 kutoka sehemu mbalimbali za shamba, uhesabu punje nzima na zilizosinyaa. Andika hesabu hiyo kwenye daftari lile lile, chini ya hesabu za kunguni za Machi. Misimu miwili mitatu ya kurasa hizo itakuonyesha kiwango cha shamba lako mwenyewe, na ndicho utakachokitumia badala ya kile cha Brazil.

Mabaki ya mashina walishie ng'ombe au yafukie, na Juni pita tena ukingoni uone kama marejea imeacha maganda mabichi. Kama yapo, kunguni wako juu yake. Nenda na beseni.